Usukani unatikisika na Land Rover imelala upande: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo mzee wangu. Niko Tanga, Chumbageni. Marehemu baba ameniachia Land Rover Series III, pikapu ya 109 (ile ndefu), ya petroli. Msimu wa machungwa naleta nayo mzigo kutoka Muheza. Ikifika mwendo wa 60 nikakanyaga shimo, usukani unaanza kutikisika mkononi mpaka nipunguze mwendo karibu ya kusimama. Tena imelala upande wa dereva, kiasi cha vidole vitatu. Fundi mmoja anasema nitoe springi za mbele niweke za pikapu ya Kijapani. Mwingine anasema nifunge shokapu ya usukani, yataisha. Mimi nataka kuijenga upya mbele yote kwa kadiri ya mfuko wangu. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mzee. Usinunue kitu bado. Springi za Kijapani ziache, na shokapu ya usukani iache. Una magonjwa mawili, na kila moja lina chanzo chake. Kutikisika kunatoka kwenye kingi pini, zile pini ambazo gurudumu la mbele hugeukia, na viungo vya usukani. Kulala kunatoka kwenye springi au, Mungu apishe mbali, kwenye chesisi. Ukiyachanganya utamaliza hela ya msimu mzima na gari litabaki vilevile.

Kabla hujafungua hata nati moja, gari lipime likiwa limesimama kwenye sakafu iliyo sawa, tairi zote zina upepo sawa, na bodi ni tupu. Chukua futi, pima kutoka katikati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, mpaka ukingo wa madigadi, kushoto na kulia. Andika. Kisha mkalishe mtu kwenye usukani auzungushe kidogo kidogo, kushoto kulia, injini imezimwa, nawe ulale chini uangalie kila kiungo kimoja kimoja. Kiungo kizima hugeuka pamoja na mwenzake. Kibovu husubiri kwanza, ndipo kifuate, na jicho lako litaona.

Sasa inua gurudumu moja la mbele. Lishike juu na chini, lisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, ulitikise tena. Mchezo ukipotea, ubovu uko kwenye beringi za habu. Ukibaki, uko kwenye kingi pini. Kipimo hiki hakina gharama, na nimeona watu wakinunua beringi mpya za habu mara mbili kwa sababu hakuna aliyewaambia wakanyage breki.

Kuhusu kuinua gari nina neno. Handibreki ya Land Rover hii haishiki magurudumu, inashika shafti inayotoka nyuma ya giaboksi. Magurudumu yote mawili ya nyuma yakiwa chini inafanya kazi. Ukiinua hata moja la nyuma, difu, ile gia ya katikati ya ekseli, inaliachia lizunguke na gari linaweza kuondoka. Kwa hiyo weka magogo mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma kila mara, bila kutegemea handibreki. Mchanga wetu wa pwani humeza jeki, tanguliza kipande cha mbao kinene chini yake. Na gari likalie stendi za chuma au magogo ya mbao ngumu, lisikalie tofali za saruji. Tofali halionyi: linapasuka ghafla, na wewe uko chini.

Tuanze na chesisi, maana kila kitu kingine kinaning'inia hapo. Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, ndiyo maana mwili wake ukatengenezwa kwa alumini. Mpaka Series III, iliyotoka kati ya 1971 na 1985, mwili ulibaki alumini na chesisi ikabaki chuma, tena chuma cha boksi chenye uwazi ndani. Hapa kwetu upepo wa bahari unaingia kila mahali, na tope la njia za mashamba linaingia kwenye boksi lile na halitoki. Kutu inaanzia ndani. Utaona gari linang'aa vizuri pale Raskazone jioni, kumbe mifupa imekwisha.

Chukua nyundo ndogo, gonga chesisi kuanzia pembe mbili za mbele zinazoshika springi, kuzunguka mabomba yanayobeba bushi za shakoli (pleti mbili zinazounganisha springi na chesisi), mpaka mikono inayotoka ubavuni chini ya ukuta wa injini. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa kinajibu kwa sauti nzito, kama unagonga gunia, na mahali pengine nyundo itapita. Usihurumie rangi. Heri nyundo yako ipite leo kuliko springi ichomoze siku umebeba mzigo unateremka kutoka Amani.

Ukikuta tundu, mchomeleaji akate mpaka afike kwenye chuma safi, ndipo aweke bati la milimita 2 au 3. Kiraka kikibandikwa juu ya kutu, unaifunika tu ikaendelee kula gizani. Kabla ya kuchomelea, toa waya za betri na za alteneta, na tangi la petroli literemshwe kabisa liwekwe mbali. Tangi lako liko chini ya kiti, karibu kabisa na kazi hiyo.

Chesisi ikiwa nzima, njoo kwenye huko kulala. Hapa nina dhana, na nataka uihakikishe mwenyewe. Springi za mbele za gari lako hazilingani, na hazikuundwa zilingane. Ya upande wa dereva imepinda zaidi kidogo kwa sababu upande ule unabeba dereva na tangi la mafuta. Gari la umri huu limeshafunguliwa mara nyingi, na kila aliyezitoa springi aliziweka sakafuni pamoja. Ikitokea siku moja zikarudishwa ya kulia kushoto na ya kushoto kulia, gari linalala upande wa dereva kama unavyoeleza. Zitoe zote mbili, zilaze sakafuni mgongo juu, vuta uzi kutoka jicho moja hadi jingine, pima urefu wa upinde katikati. Kama iliyopinda zaidi ilikuwa kushoto, umekwisha okoa hela ya springi. Hesabu pia pleti za kila upande, kwa sababu nimekuta gari moja lina springi ya petroli kushoto na ya dizeli kulia.

Kuzitoa ndiko kwenye jasho. Boliti za bushi hushikana kwa kutu na bomba la ndani la bushi mpaka vinakuwa kitu kimoja. Siku tatu kabla, zinyeshe kila jioni kwa mafuta ya kulegeza kutu, na ukikosa, dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi inasaidia. Kumbuka spana zako ziwe za inchi. Spana ya milimita inayokaribia itakula kona za nati, na baada ya hapo utalia. Tena, kwenye shakoli, pleti moja ina uzi wake: boliti inaingia kwa kuzungushwa kwenye pleti yenyewe, halafu nati inakuja juu kama mlinzi. Wengi wanafungua nati, wanaanza kupiga boliti kwa nyundo itoke, wanaharibu uzi wote. Boliti ikikataa kabisa, kata pande mbili kwa grenda, kati ya shakoli na jicho la springi, kisha nunua nyingine.

Bushi zilizo ndani ya chesisi ndizo ngumu kuliko zote. Ni bomba la chuma nje, raba katikati, bomba dogo ndani. Wapo wanaochoma raba kwa moto. Mimi sipendi: mabomba ya breki yako karibu na moshi wake ni mbaya. Toboa raba pande zote kwa drili, chomoa bomba la ndani, kisha pitisha msumeno wa chuma ukate bomba la nje kwa urefu, taratibu, ukisimama mara kwa mara kuangalia usije ukakata bomba la chesisi. Likishakatika, tindo ndogo inalikunja na linatoka. Ingiza mpya kwa stadi ndefu yenye uzi, nati mbili, washa nene na kipande cha bomba, uivute ndani polepole. Ukiipiga nyundo inaingia upande. Nikikadiria, bushi za upande mmoja zinaweza kula siku nzima, na hakuna njia ya mkato iliyonipendeza.

Sasa springi zenyewe. Zifungue kwenye jiliwa kubwa, kwa tahadhari, boliti ya katikati ikitoka pleti zinaruka. Sugua kutu kwa waya brashi. Kutu kati ya pleti huvimba, inazikaza zisiteleze, na gari linakuwa gumu kama mkokoteni. Angalia ncha: pleti ya chini huchimba mfereji kwenye ya juu yake. Mfereji ukiwa wa kuingiza ukucha, hapo ndipo pleti itakatika. Iliyokatika usikubali ichomelewe. Chuma cha springi kimepikwa na kupozwa kwa kipimo, na moto wa kuchomelea unakiharibu, kwa hiyo kitakatika tena pembeni ya kiraka. Kwa sababu hiyohiyo mhunzi asiziweke kwenye makaa azipinde upya kwa nyundo. Zitarudi zimepinda vizuri, na baada ya safari chache zitakuwa zimelala kuliko mwanzo. Fundi mwenye presi anayezijua anaweza kuzirudisha zikiwa baridi, kidogo kidogo. Zikiwa zimechoka kabisa, nunua jozi, ya dereva na ya abiria, na umwambie muuzaji ni ya 109, ya petroli, usukani kulia.

Za Kijapani nakukataza kwa sababu hii. Urefu wake na mahali pa boliti ya katikati ni tofauti. Ekseli itasogea mbele au nyuma, na itageuka kidogo. Kingi pini za gari lako zimelala nyuma kwa nyuzi 3, na ulalo huo ndio unaourudisha usukani katikati ukitoka kwenye kona. Ukiubadili, usukani unakuwa mzito au unazurura, na shafti ya mbele inafanya kazi kwenye pembe isiyo yake. Na kuongeza pleti mbele hakukusaidii kubeba machungwa. Mzigo wako unakaa bodini, unabebwa zaidi na springi za nyuma. Mbele utaongeza ugumu tu.

Yubolti, zile boliti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli, nunua mpya. Za zamani zimeshavutika, na uzi wake umeliwa. Unaporudisha ekseli, hakikisha kichwa cha boliti ya katikati kimekaa ndani ya tundu lake kwenye kikalio cha ekseli kabla ya kukaza. Kikikaa pembeni, ekseli inakuwa imeenda mshazari na tairi zitaliwa bila wewe kujua kwa nini.

Nije kwenye kutikisika, ambako ndiko moyo wangu ulipo katika swali lako. Nyuma ya gurudumu kuna tufe la chuma lenye kromu, na bakuli linalogeuka juu yake pamoja na gurudumu. Bakuli hilo limeshikwa na pini mbili. Ya chini inakaa kwenye beringi. Ya juu haina beringi, ina bushi ngumu ya rangi ya kahawia inayoitwa Railko. Waliounda gari walitaka pini ya juu iwe nzito kidogo kugeuka. Msuguano ule ndio unaozuia gurudumu lisianze kupepea likipigwa na shimo. Bushi ikilika, msuguano unakwisha, shimo moja linaanzisha mtetemo, na mtetemo unajilisha wenyewe mpaka upunguze mwendo. Ndicho unachonieleza.

Shokapu ya usukani ingeunyamazisha mtetemo huo kwa muda, na pini ingeendelea kulika chini yake. Kwa hiyo fungua. Mwaga oili, toa habu, sahani ya breki, shafti, kisha bakuli. Usiiache sahani ya breki ikaning'inia kwenye bomba lake la breki. Ifunge sahani kwa waya juu. Pangusa tufe uliangalie kwenye jua. Chumvi ya bahari hutoboa kromu vitundu vidogo, na vitundu hivyo vinakata sili, ile raba inayozuia oili isitoke, kama tupa. Ukiweka sili mpya kwenye tufe lenye vitundu, utaona oili kwenye tairi kabla ya mwezi. Vikiwa vichache na nje ya njia ya sili, acha. Vikiwa vingi, tufe jipya, na hapa sikushauri kubana matumizi.

Weka bushi mpya ya Railko na washa yake, beringi mpya chini, kisha urudishe pini ya juu na zile shimu, vibati vyembamba vilivyo chini ya mdomo wake. Shimu ndizo zinazopanga uzito wa kugeuka: ukipunguza, inakaza, ukiongeza, inalegea. Pima kabla ya kufunga sili na kabla ya kuunganisha traki rodi, ile fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele. Chombo chake ni mizani ya ndoano, ile ile wanayopimia samaki pale Deep Sea. Itundike kwenye jicho la mkono wa usukani, ivute taratibu, usome inapoendelea kuzunguka, usisome ile nguvu ya kuanzia. Kipimo kimeandikwa kwenye kitabu cha ufundi cha Series III. Kifuate, na kushoto na kulia viwe sawa. Mafundi wengi hapa wanapanga kwa mkono, "imekaza kidogo, inatosha". Mkono mmoja unachoka asubuhi na mwingine jioni, mizani haichoki. Ukimaliza, jaza oili ya gia ya EP90. Oili ya injini ni nyepesi mno kwa kazi hii.

Kisha viungo vya usukani. Bolijointi zilizochanika mpira badilisha, ni spea rahisi na zinapatikana Gerezani Dar, na hata Mombasa kwa wanaovuka Horohoro. Lakini kuna kitu kimoja usikifungue wewe. Kwenye chesisi mbele, nyuma ya grili, kuna bomba lililosimama linaloitwa rilei, linalohamisha mwendo wa usukani kwenda kwenye magurudumu. Ndani yake kuna springi iliyobanwa kwa nguvu kubwa sana. Kijana mmoja niliyefanya naye kazi zamani aliigonga ishuke bila kuifunga, ikatoka kama risasi, ikamvunja taya. Kama rilei yako haina mchezo na haijakwama, ijaze oili na uiache. Kama imekwama au inacheza, tafuta nyingine nzima iliyokwishafungwa, au mpe fundi aliyewahi kuifungua na mwenye kamba ya kuifungia ndani ya gunia.

Upangaji wa magurudumu ni kazi ndogo. Mbele ya tairi kuwe kumebana kuliko nyuma yake kwa milimita 1.2 hadi 2.4. Chora alama ya chaki katikati ya kila tairi, kwa kimo cha habu, pima umbali kati ya alama mbele, sukuma gari mpaka alama zifike nyuma, pima tena. Rekebisha kwa kuzungusha traki rodi, kisha kaza klampu zake. Tairi zenyewe, 7.50-16, ziwe za aina moja mbele.

Jambo la mwisho nakuomba ulishike kuliko yote, kwa sababu niliwahi kuliharibu mwenyewe nikiwa fundi mchanga. Nilikaza boliti zote za bushi gari likiwa juu, ekseli inaning'inia. Raba za bushi hizi hazizunguki, zinajikunja: bomba la ndani limebanwa na boliti, la nje limebanwa na chesisi, na raba ndiyo inayopinda kati yao. Nilipolishusha gari, kila raba ikawa imeshajikunja kabla haijafanya kazi. Bushi mpya zilichanika ndani ya miezi michache, na mteja alikuwa na haki ya kukasirika. Kwa hiyo boliti za bushi zifunge kwa mkono tu. Shusha gari, litikise juu chini mara kadhaa, lisukume mbele na nyuma, litulie kwenye kimo chake. Hapo ndipo ulale chini na ukaze.

Na usipulizie oili chafu kwenye bushi kuzuia kutu. Oili hula raba. Ndani ya boksi la chesisi pulizia upendavyo, na ukirudi kutoka pwani osha chini kwa maji yasiyo na chumvi.

Pima tena vimo viwili ulivyoandika siku ya kwanza. Kisha nenda bila mzigo mpaka Pongwe na urudi, mwendo wa 40 kwanza, halafu 60, ukitafuta kishimo kidogo makusudi. Ukifika nyumbani, gusa habu zote mbili kwa mkono: iliyo moto kuliko mwenzake, beringi yake imebanwa mno. Kaza yubolti upya siku hiyo hiyo, na mara ya pili baada ya kilomita 500, kabla hujapakia machungwa hata tenga moja.